Minazi Tisa na Kaburi Moja

Kaole, Bagamoyo
12 Januari 2025

Maulida, mke wangu mdogo,

Leo natanguliza jambo kabla ya salamu, na unisamehe, maana nikianza na salamu nitaujaza ukurasa kisha nitaiweka kalamu. Katika minazi tisa niliyokusimulia, mmoja nilikudanganya. Ukweli wake nimeuficha miaka hamsini na sita. Wewe nilikuficha kama nilivyowaficha wengine wote.

Sasa salamu. Bibi yako Habiba hajambo. Goti linamsumbua alfajiri, lakini ulimi wake mzima; jana kamrudisha muuza samaki kutoka mlangoni kwa kuwa changu wake "wanamwangalia vibaya". Baba yako Ishaka alikuja na gunia la mchele, akarudi Dar siku hiyohiyo. Mimi miguu imevimba, viatu haviingii tena. Nilikuwa nakwenda msikitini kwa kandambili za bibi yako, na Ijumaa iliyopita hata hizo sikuzivaa. Daktari ananiambia moyo umechoka. Nikamuuliza utavumilia mpaka lini, akainama akaanza kuandika. Bibi yako nimemwambia ni chumvi imezidi.

Nakuandikia kwa sababu masikio yangu hayashiki simu, na simu yenyewe anaishika bibi yako, kila unalosema analirudia kwa sauti ya mnada. Barua zako zitume kwa sanduku la shule. Mwalimu Farhan, anayefundisha pale nilipofundisha mimi, ataniletea mkononi.

Mchezo wako wa kompyuta nimeuelewa kwa kadiri ya akili yangu. Mtu anarudi shambani kwao, anakuta minazi tisa, na kila mmoja ulipandwa juu ya kitovu cha mtoto aliyezaliwa pale, kama tulivyofanya sisi. Anatakiwa ajue upi ni wa nani kabla shamba halijauzwa. Hakuna anayepigwa risasi. Huo ni mchezo wa watu wenye adabu, na sishangai umekosa mchapishaji miaka yote hiyo. Sasa unasema amepatikana, yuko Nairobi, na anataka karatasi yenye saini yangu kwamba yote niliyokusimulia ni kweli.

Minane naitia saini hata leo. Wa tisa siwezi. Usiniulize ni upi. Ngoja kidogo nijikusanye.

Mumeo mzee,
Bwanausi


Arusha
2 Februari 2025

Shikamoo mume wangu,

Mkono wangu umesahau kalamu, ukiona herufi zinapigana ujue ni hilo. Huku hatujambo. Haidar anakusalimu, ndiye anayechora picha za gemu, programu naandika mimi. Bado tuko chumba kilekile Sakina, kompyuta mbili na feni moja. Miguu yako imenikosesha raha. Chumvi haivimbishi miguu kiasi hicho, babu, mimi si bibi.

Uliniuliza siku moja mchezo unachapishwaje bila karatasi. Mchapishaji wa gemu ndiye anayelitangaza, analitafsiri kwa lugha nyingine, analipeleka kwenye maduka ya mtandaoni, kisha tunagawana mapato. Bila yeye gemu letu litazama kama sindano kwenye kisima. Tumeziandikia kampuni kumi na nne. Tisa hazikujibu. Moja iliniuliza bunduki inapatikana hatua ya ngapi. Nyingine iliuliza kama nazi zinaweza kulipuka. Haidar akasema tuwajibu ndiyo, lakini za madafu tu.

Halafu huyu wa Nairobi, Bi Jasmin. Alilicheza mpaka mwisho kwa siku mbili, akapiga simu, sauti imekauka. Akasema, "Nimelia mbele ya wafanyakazi wangu. Huyo mtoto wa kaburini alikuwepo kweli?" Nikamwambia ni shangazi yangu. Akasema basi gemu litauzwa hivyo, kama kisa cha kweli cha familia, na mwishoni itatokea picha ya kaburi lenyewe. Ndiyo maana anataka maneno yako na saini yako. Karatasi iko ndani ya bahasha hii, na mwisho ni tarehe 30 Juni.

Nimekusikia kwamba mnazi mmoja ni wa uongo. Haidar anasema, "Mwambie babu atie saini tu, uongo mmoja kwa tisa ni asilimia kumi na moja, hata mitihani hatukufaulu hivyo." Nimemkemea. Mimi sitaki kumuuzia mtu uongo kwa jina la ukweli. Kama ni mnazi wa yule mzee aliyekutana na chatu akamsomea Ayatul Kursi chatu akasinzia, tutautoa. Huo hata mimi sikuuamini nilipokuwa na miaka saba.

Lakini wa nne usiuguse, babu. Wa shangazi Adila ndio gemu lenyewe. Kwenye minazi mingine mchezaji akiegemea anasikia hadithi. Kwenye ule anasikia kimya, kisha analiona kaburi dogo, na hakuna kitu cha kufanya pale isipokuwa kuchota maji na kulimwagia. Miaka mitatu yote tumejenga kuelekea hapo.

Niambie ni upi. Sitakasirika.

Mkeo,
Maulida


Kaole
25 Machi 2025

Maulida, wangu wa ubani,

Nimechelewa kukujibu, na sababu ya kukudanganya ninayo: ni Ramadhani. Lakini sifungi mwaka huu, daktari amekataza, nalisha maskini badala yake. Bibi yako anafunga kwa niaba ya watu wawili na ukali pia wa watu wawili. Masika yameanza vizuri. Paa la jikoni linavuja palepale pa mwaka jana. Saida, binti wa dada yangu, amehamia hapa kutusaidia, na uji wake ni mwepesi kama ahadi.

Nina jambo la kukusimulia. Juzi alasiri Mwalimu Farhan alikuja na kompyuta yake, akatuonyesha mchezo. Sikumwita mimi. Bibi yako alimwita. Aliketi kwenye mkeka, miwani puani, akawa anauliza kila mti. Penye wa Ishaka alicheka, "Huyu alizaliwa na kelele hizohizo." Tukafika wa nne. Akasogea karibu na kompyuta. Farhan akayachota maji, akayamwaga.

Bibi yako akasema, "Sivyo! Inaanzia kichwani. Nani kamfundisha Maulida kumwagia kaburi kuanzia miguuni?"

Farhan akacheka, akarudia kuanzia kichwani. Mchezo ukakubali. Bibi yako akafuta miwani kwa ncha ya kanga, akaniambia mimi, "Mwambie Maulida aje apige hiyo picha mwenyewe, na mimi niwepo. Mwanangu hajawahi kuonekana mahali popote."

Nilitoka nje nikasimama ukutani mpaka Saida aliponirudisha.

Nimekuwa nikiwaza. Kwa nini mchezo uishie penye kaburi? Watu wanatoka makazini wamechoka, unawapa msiba. Uishie kwa mnazi wa baba yako. Ule umenyooka, unazaa sana, una hadithi ya kuchekesha. Mwambie Bi Jasmin mwandishi amebadili mawazo. Waandishi wana ruhusa hiyo.

Karatasi yako nimeiweka ndani ya msahafu. Sijaisahau.

Bwanausi


Arusha
16 Aprili 2025

Shikamoo babu,

Idd ilikuwa njema, nguo ulizonitumia pesa nimeshona. Haidar alikuwa na malaria, amepona. Bi Jasmin ameuliza karatasi mara mbili.

Umesema nibadili mwisho. Kwa hiyo ni wa Adila.

Nimempigia bibi. Sikumwambia kitu, nilimuuliza tu habari za mwanawe wa kwanza, kama mtu anayetafuta maneno ya gemu. Alinisimulia kwa raha, unajua anavyosimulia. Kwamba alikuwa amelazwa Dar miezi miwili, kifua. Kwamba mtoto wa miezi saba alibaki na mama yako, Bi Ashura, akinyweshwa uji. Kwamba aliporudi alikuta udongo bado mbichi, na Bi Ashura akamwambia ni degedege, usilie sana utaumia kifua. Nikamuuliza, "Bibi, na babu alisemaje?" Akasema, "Babu yako hakusema kitu. Mwaka mzima hakunitazama usoni. Ndipo nikajua ananipenda, kwa jinsi alivyoumia."

Babu, nimeshindwa kulala na hilo. Nakuuliza mara moja, nijibu mara moja.

Adila alikufa na nini?

Maulida


Kaole
21 Mei 2025

Mjukuu wangu Maulida,

Salamu nyingi. Bibi yako mzima. Paa limezibwa. Mimi sasa nalala nimeegemea mito mitatu. Nikilala chali maji yanapanda. Barua hii nimeiandika siku sita, mistari michache kila asubuhi bibi yako akiwa shambani.

Adila hakufa.

Hilo nimeliandika, na nyumba haikuanguka.

Wewe umezaliwa wakati mwingine, kwa hiyo yafaa nikueleze. Watoto wengi huanza kuota meno ya chini. Aliyetanguliza ya juu, wazee wetu wa Kikwere na Kizaramo walimwita kigego. Waliamini kila jino lake linamla mtu wa nyumbani, baba, mama, mwenye mji. Zamani sana aliachwa porini. Baadaye waliona huruma, wakawa wanampa mtu wa mbali asiye wa ukoo, na nyumbani wanasema amekufa, ili mkosi usirudi kumtafuta. Nilipokuwa mwalimu mambo hayo yalikuwa yamepungua, lakini hayakuwa yamekwisha. Yalikuwa yanasemwa jikoni.

Adila alitanguliza ya juu. Mawili.

Mama yangu aliyaona. Mimi nilikuwa shuleni. Siku zile nikitoka nyumbani asubuhi narudi jua limezama, na mtoto alikuwa mikononi mwa mama. Palikuwa na mke wa mtu mmoja anaitwa Ausi, kule Ubena, barabara ya Morogoro, hawakujaliwa mtoto. Mama alimpeleka huko. Niliporudi nikaambiwa mtoto amefariki, mama ameshamkosha na kumvika sanda mwenyewe chumbani, na watu wanangoja tukazike. Nilikuja kuambiwa ukweli baadaye, na nikawa nimechelewa. Ningefanya nini? Nimtangaze mama yangu mzazi kijiji kizima? Nikanyamaza. Mama alifariki mwaka wa themanini na moja, tukanyamaza wote wawili, yeye kaburini na mimi juu.

Kama mtoto aliishi, sijui. Sikuwahi kuuliza.

Sasa unajua kwa nini siwezi kutia saini, nami karibu naitwa. Nakuomba kitu kimoja: bibi yako asijue mpaka niwe nimeondoka. Siku si nyingi. Mchapishaji mwambie chochote.

Babu yako,
Bwanausi


Arusha
15 Juni 2025

Babu,

Shikamoo. Natumaini Idd ya kuchinja imewakuta salama na kwamba mito imebaki mitatu. Baba amenipigia, anasema unapumua kwa shida. Nimemwambia akupeleke hospitali, akasema umekataa.

Kwanza la gemu. Nilimwambia Bi Jasmin kwamba kaburi si la kweli, mtoto hakufa, na kwa hiyo hatuwezi kuliita kisa cha kweli. Nilikuwa nimejiandaa kupoteza kila kitu. Akasema, "Maulida, hii ni nzuri kuliko ile. Yuko hai? Mtafute, tumpige picha akikutana na mama yake." Si mtu mbaya, babu. Anauza, ndiyo kazi yake. Nikamwambia mama yake hajui. Akasema, "Mpaka mwisho wa Agosti. Nipe mwisho mwingine, au tuachane kwa amani." Haidar hajanisemesha siku mbili. Ameacha kazi kwa ajili ya gemu hili, na mimi ndiye ninayelibomoa.

La pili. Nilipanda basi mpaka Chalinze, nikaenda Ubena. Sikukuomba ruhusa, maana ungechelewa kunijibu miezi miwili.

Haikuwa kazi. Nilitaja Ausi, nikaonyeshwa nyumba. Mzee Ausi na mkewe wameshafariki. Barazani alikuwa ameketi mwanamke na cherehani, anashona sare za shule. Babu, ana mikono ya bibi. Hata kukata uzi anaukata kwa meno akiwa amefumba jicho moja, kama bibi. Anaitwa Mina. Ana watoto watatu na mume anayekohoa.

Nikamsalimia, nikasema nimetoka ukoo wa Mwalimu Bwanausi wa Kaole. Hakushtuka. Akaendelea kukanyaga cherehani mpaka mwisho wa mshono. Kisha akasema, "Mmechelewa. Chai iko kwenye chupa, jimiminie."

Nilimwonyesha gemu kwenye simu. Sikujua nifanye nini kingine. Alitazama mnazi, alitazama kaburi.

"Hilo ndilo langu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Limejengwa vizuri." Akanirudishia simu. "Niondoe humo. Sijafa."

Nikamwambia nimeambiwa Bi Ashura ndiye aliyemleta. Hapo ndipo akacheka, na kicheko chake sikukipenda. Akasema mama aliyemlea alimsimulia siku ile tangu akiwa mdogo, kama watoto wengine wanavyosimuliwa sungura na fisi: kwamba lori la chumvi lilisimama barabarani, akashuka mwanamume kijana, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, vumbi la chaki kwenye mkono wa shati, na mgongoni amembeba mtoto kwa kanga kama mwanamke. Kijiji kizima kilitoka kumtazama. Akasema, "Kamuulize mwalimu wako huyo Bi Ashura alikuwa na ndevu?"

Bi Ashura hakuwa na kalamu mfukoni, babu. Umemsingizia mtu asiyeweza kukujibu.

Leo sitaki tena karatasi yako. Na sitamficha bibi. Ukitaka asikie kutoka kwako, mwambie. Nakupa mpaka mwisho wa Julai, kisha nakuja.

Maulida


Kaole
3 Agosti 2025

Maulida,

Salamu. Sikuziona salamu za mke katika barua yako, na nimeelewa. Mito sasa ni mitano. Saida ananiandalia ubao magotini, naandika neno, napumzika. Ukiona mstari umeshuka usidhani ni machozi. Ni mkono.

Nimemwambia bibi yako. Ilikuwa Alhamisi ya wiki iliyopita, baada ya adhuhuri, anachambua mchele. Nilimwambia yote yaliyokuwa kwenye barua yako, kwamba ni mimi niliyembeba, na kwamba yuko hai, anashona, ana mikono kama ya mama yake. Akaendelea kuchambua. Alitoa mawe matatu, akayaweka kando. Kisha akauliza:

"Pale kaburini kuna nini?"

"Kipande cha mgomba."

"Mgomba."

"Niliukata nyuma ya choo, nikauleta chumbani. Mama akauvika sanda."

"Na watu wakausalia."

"Wakausalia."

"Na mimi nimekuwa nikiumwagia maji. Kuanzia kichwani." Akasimama, goti likapiga kelele, akalishika. "Uliwahi kwenda kumwona, hata kwa mbali?"

"Sikuwahi."

"Mimi nakwenda."

Akampigia Ishaka, na sauti yake niliisikia hata mimi nisiyesikia. Alivaa baibui, akabeba ule mkoba wa hospitali wa miaka ile, na alipopita mlangoni hakuniaga. Leo ni siku ya kumi. Ishaka anasema wamekaa barazani pamoja, bibi yako anapasua vitambaa na Mina anashona, na hawazungumzi sana. Anasema hajui atarudi lini. Sikumuuliza kama atarudi.

Ndani ya bahasha utaikuta karatasi ya mchapishaji. Pale penye maneno yake nimepiga mstari, nikaandika yangu: kwamba minazi minane ni kama nilivyosimulia, kwamba wa nne ni wa binti yangu Adila, ambaye sasa anaitwa Mina, yuko hai, na hakuna ruhusa ya kumwonyesha isipokuwa atoe mwenyewe, na kwamba kaburi lililo chini yake halina mtu. Nimetia saini, Mwalimu Farhan ameshuhudia. Bi Jasmin akikataa mchezo usio na kaburi, akatae. Mwombe radhi Haidar kwa ajili yangu. Miaka yake mitatu nimeilaza juu ya mgomba.

Sasa limebaki la mama yangu.

Uliandika kwamba nimemsingizia. Ulikuwa unajua nusu. Ulijua kwamba nilimbeba mtoto mimi, na labda ulidhani alinituma yeye, na mimi nilikuwa kijana anayemtii mama. Hata bibi yako nilimwacha adhani hivyo. Aliponiuliza maswali yale hakuniuliza nani aliamua, na mimi sikumwongezea. Na wewe pia usidhani nilikuwa nalinda cheo. Ni kweli mwaka ule walikuwa wanatafuta mwalimu mkuu, na baba wa kigego asingepewa, na nilishajipa sababu hiyo mara nyingi, kwa kuwa tamaa ina heshima zaidi kidogo kuliko hili.

Ilikuwa Jumatano, jioni. Mama alikuwa jikoni. Nilikuwa nimempakata Adila mlangoni, nimempa kidole akitafune, nikahisi kitu kigumu. Nikamgeuza kwenye mwanga. Yalikuwa mawili, juu, meupe kama punje za mchele, na chini hapakuwa na kitu. Nikamwita mama.

Mama aliingiza kidole chake, akakitoa, akakifuta kwenye kanga. Akatazama uani kama kuna mtu. Akasema, "Ya chini yatatoka wiki ijayo. Mpaka Habiba arudi yatakuwa manne, na nani atajua yapi yalitangulia? Tutasema ya chini. Mimi sijaona kitu, Bwanausi, na wewe hujaona kitu."

Hivyo tu ndivyo alivyotaka. Neno moja la uongo, la watu wawili, kwa wiki moja.

Nikamwambia, mama, mimi ni mwalimu, sisemi uongo.

Alinishika miguu. Mama yangu aliyenizaa alipiga magoti kwenye kizingiti, akaniomba mjukuu wake. Akasema kama ni kufa atakufa yeye, yeye ndiye mkubwa wa nyumba, meno yale yamle yeye. Nikamnyanyua, nikamkalisha, nikaenda kutafuta lori. Kesho yake alimfunga mtoto mgongoni mwangu kwa kanga yake mwenyewe, maana mimi sikujua kufunga. Niliporudi Ijumaa alikuwa amewaambia majirani mtoto ana homa, yuko ndani. Jumamosi alfajiri akapiga ukunga wa msiba nilipomwambia apige. Hayo mengine yote aliyafanya kwa sababu nilikuwa mwanawe wa pekee wa kiume, na nisingefungwa wala kuaibika yeye akiwa hai.

Darasa la sita nilikuwa nafundisha mwili wa binadamu. Meno ya utoto ni ishirini, kumi juu na kumi chini, na hakuna ubaya yakitangulia popote. Niliyachora ubaoni kwa chaki, wiki ileile. Wanafunzi waliyanakili.

Wala hakuna aliyenilazimisha, Maulida, wala hakuna mwingine aliyeyaona. Mama yangu ambaye hakujua kusoma hakuliamini jambo lile. Mimi niliamini. Nilimwogopa mtoto wangu wa miezi saba.

Bwanausi